Ukimya wa Saa Sabini na Mbili

Gari lake lilisimama nje saa tisa alasiri. Eila alikuwa jikoni tangu asubuhi akijifanya anamenya viazi, na alijua ni yeye kabla ya kuchungulia dirishani. Injini ile ilikuwa na kikohozi chake. Miezi yote iliyopita kikohozi hicho kilimfanya akimbilie kioo kuweka nywele sawa. Leo kilimfanya ainamishe kichwa na kuendelea kukimenya kiazi kilichokwisha kumenywa.

"Amekuja mkwe wenu," alisema Shangazi Tellervo.

"Shangazi, tafadhali."

"Kwani nimesema nini? Nimesema amekuja."

Shangazi Tellervo alihamia nyumbani kwao majira mawili ya baridi yaliyopita, siku kaka yake, mzee Veikko Rautio, baba yake Eila, alipotoka hospitali ya Thunder Bay bila koo la kuzungumzia. Alikuja kwa wiki mbili akiwa na sanduku moja. Sasa alikuwa na kiti chake mezani na kikombe ambacho hakuna mwingine aliyekigusa.

Mzee Veikko mwenyewe alikaa dirishani, ameligeukia ziwa. Mwezi ulikuwa Machi wa mwaka 2016, na barafu ya ziwani ilikuwa bado haijapasuka. Mapajani alikuwa na ubao mdogo mweupe, wa watoto wa shule, na kalamu yake ya wino iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na ubao huo kwa siku tano. Kabla ya siku hizo tano hakuuhitaji, maana alikuwa na sauti yake.

Sauti yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta iliyokuwa mwisho wa meza. Shangazi alikuwa ameifunika kwa kitambaa cha mkate, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Wiki tatu kabla ya upasuaji, mzee Veikko alijifungia kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha sauna, kwa kuwa ndicho chumba pekee kisichokuwa na mwangwi, akasoma sentensi elfu moja na mia sita kwenye kipaza sauti. Sentensi za ajabu ajabu. Mbweha amenunua kofia. Jumanne hainyeshi chumvi. Eila alikaa nje ya mlango akimsikia baba yake akicheka katikati ya maneno na kuanza upya. Kampuni moja ndogo ilizichukua sentensi zile ikazitengeneza kuwa sauti, sauti ya Veikko Rautio kabisa, hata na kile kimkwaruzo cha asubuhi. Kisha kampuni ikafa. Sauti ikabaki imefungwa kwenye kompyuta ile ile, yenye mfumo endeshi wa zamani ambao hata waliouunda walikuwa wameshauacha.

Kilichoifungua sauti hiyo kila siku ilikuwa Loon, programu ya bure iliyopewa jina la ndege wa maziwa ya huko anayelia kama mtu aliyepotea. Unaandika, Loon inasema. Watu waliopoteza sauti zao waliitumia katika nchi nyingi, nayo ilitunzwa na watu wa kujitolea, wengi wao hawajawahi kuonana. Eila alikuwa mmoja wa watunzaji hao. Aliyewaongoza aliitwa Rémi Gaudet, mtu wa Moncton. Miaka mitatu alikuwa jina tu kwenye barua pepe, kisha akawa mchumba wake, na sasa alikuwa mlangoni, theluji chafu viatuni, akiwa ameshika boksi la mandazi ya Persian, yale ya mji huo yenye sukari ya rangi juu.

"Nimeleta yale ya waridi," alisema.

"Weka hapo," Shangazi alimjibu. "Kumeza kumekuwa kazi humu ndani."

Macho ya Rémi yalimtafuta Eila. Alikuwa hajanyoa, na chini ya macho ngozi ilikuwa imekuwa bluu. Eila aliyatazama yale macho kwa muda mfupi tu, na muda huo mfupi ulimwuma. Kama angekuwa peke yake naye angeuweka mkono wake pale shavuni na kuuacha. Akaosha kisu.

Mzee Veikko alifuta ubao kwa kiganja, akaandika: KAA.

Rémi akakaa. Akavua glavu, akazikunja, akazikunjua.

"Nimempata yule fundi aliyetengeneza kufuli ya zile sauti," alisema. "Siku hizi anafuga nyuki Vermont. Alikuwa mwema sana, mzee. Tumeongea karibu saa nzima. Ufunguo ulikuwa kwenye mashine yao moja tu, na waliiuza kama chuma chakavu walipofunga."

"Na zile sentensi?" Eila aliuliza bila kugeuka.

"Zilikuwa kwenye mashine hiyo hiyo." Akamgeukia mzee. "Hakuna mkanda wowote? Video ya harusi, ya krismasi?"

"Baba ndiye alikuwa anashika kamera," Eila alisema. "Siku zote. Hayumo, na akishika kamera haongei."

Mzee Veikko alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyefumaniwa na kosa la zamani.

"Sasa hebu nielezeni mimi," Shangazi Tellervo alisema, akavuta kiti. "Maana siku tano nasikia mnanong'ona, toleo, toleo. Mimi niliamka Jumamosi, kaka yangu amekaa mbele ya kompyuta anabonyeza, haifunguki. Nani aliifunga?"

"Mimi," Rémi alisema.

"Kwa nini?"

Alivuta pumzi. "Tuliacha kuhudumia mifumo ya zamani, Shangazi. Ilikuwa inatumaliza. Kila toleo jipya nilikuwa natumia wiki mbili nzima kulifanya likubali kwenye mashine za aina hii. Wasaidizi wapya wanakuja, wanaona kazi yenyewe, wanakimbia. Kuna mama mmoja Saskatoon, mwanawe anaweza kusogeza macho tu. Ana miaka sita. Miezi minane wanasubiri tumalize sehemu ya kuandika kwa macho, na haiwezi kukaa na mfumo wa zamani. Tulihesabu, waliobaki kwenye mfumo huo walikuwa arobaini na mmoja."

"Arobaini na mmoja si watu?"

"Ni watu. Walitakiwa kubaki na toleo lao la zamani, liendelee kufanya kazi. Toleo jipya lilitakiwa liwapite." Sauti ikamshuka. "Kuna mstari mmoja wa kuliambia liwapite. Sikuuweka. Likaingia, likazipanga upya sauti zote kwanza, ndipo likatazama mfumo, likakataa kufunguka. Sauti nyingine zilirudi. Zilizofungwa kwa kufuli hazikurudi."

"Na hukujaribu kwanza?"

Rémi aliacha kumtazama Shangazi. Alikuwa akimwangalia Eila mgongoni.

Eila alizima bomba. Alijua jibu. Kila toleo lilipokaribia, yeye ndiye aliyelijaribu kwenye mfumo wa zamani, na mashine aliyoitumia ilikuwa hii iliyofunikwa kitambaa. Alisubiri baba alale mchana, akajaribu, akaandika kwenye orodha ya barua pepe ya watunzaji, "Linafanya kazi," basi. Hakuna aliyewahi kumuuliza mashine aliitoa wapi. Safari hii mfumo wenyewe ulikuwa umeondolewa kwenye mpango. Hakukuwa na cha kujaribu, naye hakutaka kujifanya ana cha kujaribu.

"Nilikupeni siku tatu," Rémi alisema, sasa akimwambia Eila. "Niliandika pendekezo, nikaliweka kwenye orodha. Saa sabini na mbili. Hakuna aliyepinga."

"Ndiyo nini hiyo?" Shangazi aliuliza.

"Ni desturi yetu. Mtu akiwa na wazo analiandika mbele ya wote. Zikipita saa sabini na mbili bila mtu kusema hapana, limekubaliwa."

"Kwa hiyo kwenu mtu akinyamaza ndiyo kakubali."

"Ndiyo."

"Kwetu mtu akinyamaza tunamwita daktari."

Rémi alijaribu kutabasamu, akashindwa. Eila naye aliinamisha uso, kwa kuwa desturi ile haikuwa ya kazi tu. Mwaka juzi, baada ya miezi ya kusahihishana msimbo wa programu na kuachiana vichekesho pembeni mwa mistari, Rémi alimwandikia barua yeye peke yake. Pendekezo: Rémi ampende Eila. Lisipopingwa ndani ya saa sabini na mbili, linapita. Siku tatu Eila alilala na simu chini ya mto. Aliandika majibu kumi na kuyafuta yote. Asubuhi ya nne ikaja barua ya neno moja: Limepita. Alicheka akalia palepale kitandani. Vuli iliyofuata Rémi alihamia Thunder Bay, akapanga chumba juu ya duka la mikate, na siku alipomwomba wafunge ndoa sikukuu ya katikati ya kiangazi, alimwomba kwa njia ile ile, na yeye akajibu kwa njia ile ile.

Hakuna mwanamume aliyewahi kuuelewa ukimya wake namna ile. Alidhani ndilo penzi lenyewe.

"Hukuniambia," Rémi alisema taratibu. "Miaka yote hii. Nilikuja hapa, nikala mezani hapa, nikamsikia mzee akinitania kuhusu viatu vyangu. Nikajua anatumia Loon, nikafurahi. Lakini mfumo gani hukuniambia. Hata katika wale arobaini na mmoja hayumo. Nimetafuta."

"Nilizima ile alama ya kuhesabiwa kwenye mashine yake."

"Kwa nini?"

"Sikutaka ionekane naitetea mifumo ya zamani kwa sababu ya baba yangu."

"Na nyumba hii yote ni mfumo wa zamani," Rémi alisema, kama anayezungumza na nafsi yake. Ulikuwa utani wao. Aliusema mara ya kwanza alipoiona redio ya jikoni, na simu ya ukutani na mashine yake ya kupokea ujumbe, ile ya kanda, ambayo mzee alikataa kuitupa. Mzee alikuwa ameandika mara moja, na Loon ikasema kwa sauti yake yenye mkwaruzo, "Na mimi nimo, kijana. Ukiniondoa, niombe radhi kwanza." Walicheka hadi Shangazi akatoka kwenda kupumua nje.

Hakuna aliyecheka sasa.

Eila alikausha mikono. Akachukua simu yake mfukoni, akaifungua mahali, akaiweka mezani mbele ya Rémi.

Ilikuwa rasimu, haijatumwa. Ilikuwa na tarehe ya siku ya pili ya zile siku tatu. *Napinga. Baba yangu ni mmoja wao. Naomba tumpe mwaka mmoja zaidi. Nitaifanya kazi hiyo mimi mwenyewe.*

Rémi aliisoma. Akaisoma tena.

"Uliiandika."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukutuma, Eila?"

"Siku ile ulisinzia kwenye duka la kahawa," alisema. Aliongea chini sana, mpaka Shangazi akainamia mbele. "Kichwa mezani, watu wanakupita na trei. Nilikuwa nimekuja na koti lako. Nikakuangalia. Ulikuwa umekonda, Rémi. Nikaona nikituma, nakurudisha kwenye zile wiki mbili. Na kila toleo baada ya hapo. Sikuweza."

"Kwa hiyo ulimtoa baba yako sadaka kwa ajili yangu."

Hakulisema kwa ukali, na ndiyo maana lilipenya. Eila alishika ukingo wa sinki.

"Na wewe," alisema, "uliwauliza watu mia tatu. Mimi uliniuliza lini? Tulikuwa tunakula pamoja kila jioni. Hukuweza kuniambia, 'Eila, wewe unaonaje?'"

Rémi aliisukuma simu taratibu kuelekea upande wa Eila.

"Nilidhani nakujua," alisema. "Nilidhani ukinyamaza najua unachosema."

Nje theluji iliporomoka kutoka paani kwa kishindo kizito. Shangazi Tellervo alisimama. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na maneno makali.

"Kijana, mimi nitakwambia bila kuzunguka. Wewe si mtu mbaya. Lakini kaka yangu alikuwa ameshaandika hotuba ya harusi. Aliimaliza Ijumaa. Alikuwa anataka kuisikiliza Jumamosi asubuhi, aone kama inatoka vizuri. Mimi siwezi kukuona umekaa pale mbele umevaa suti, na yeye amekaa na kibao kama mtoto wa darasa la kwanza. Macho yangu hayawezi. Nimemaliza."

Akachukua koleo la theluji mlangoni, akatoka.

Mzee Veikko alikuwa ameandika kitu. Aliuinua ubao. MUACHENI. ALIKOSEA TU.

Ilikuwa vigumu zaidi kuyavumilia maneno yale kuliko ya Shangazi. Siku ya Jumapili Eila alikuwa amemwekea Loon kwenye kompyuta mpya, na mzee, kwa kumridhisha, alijaribu sauti iliyokuja nayo. Ilisema, "Eila, naomba kahawa," kwa lafudhi safi ya mtangazaji wa uwanja wa ndege. Mzee akafunga kifuniko polepole, kama unavyofunga mlango wa chumba chenye mtu aliyelala, na tangu hapo hakukifungua.

Rémi alisimama. Aliusogelea ubao, akausoma kwa karibu, akapiga goti moja kando ya kiti cha mzee.

"Nakuomba radhi," alisema. "Nilipaswa kuomba kabla."

Mzee aliweka mkono wake mkubwa juu ya kichwa cha Rémi, akauacha pale, akitazama barafu.

Rémi aliponyanyuka, macho yalikuwa mekundu. Akamgeukia Eila. Alimkaribia mpaka Eila akasikia harufu ya koti lake, harufu ya petroli na sabuni, harufu aliyoipenda.

"Naapa mbele ya baba yako," alisema. "Kuanzia leo sitauhesabu tena ukimya wako kuwa ndiyo. Kamwe. Nimeufanyia hivyo mara tatu, na angalia tulipofika."

Eila alitikisa kichwa kuonyesha amesikia.

"Sasa nakuuliza wewe. Si orodha, wewe. Gari liko nje limepakiwa. Dada yangu ananingoja Moncton, siku tatu za barabara. Ukisema niende, naenda, sitakulaumu. Ukisema nibaki, nashusha mizigo, nitamkabili Shangazi, nitamkabili kila mtu. Lakini useme. Nataka nilisikie."

Neno lilikuwepo. Eila alilihisi likipanda kutoka kifuani. Neno dogo tu: baki. Lilifika kooni likasimama. Mbele yake alikuwepo yule mwanamume aliyempenda kuliko alivyojua kupenda, na nyuma ya bega lake alikuwepo baba yake na kitambaa kilichofungwa shingoni kuficha tundu la kupumulia. Angewezaje kuitumia sauti yake kumwomba huyu abaki, mbele ya yule aliyenyang'anywa yake? Angewezaje, wakati mara ya mwisho alipochagua kati yao alichagua hivi hivi? Alimtazama Rémi kwa macho yote. Alimwambia kwa macho kila kitu, baki, baki, usiende, kama alivyomwambia siku zote, na siku zote alielewa.

Rémi alisubiri. Eila aliona kwamba ameelewa, kwa sekunde moja aliona kabisa, na aliona jinsi alivyokikataa kile alichoelewa, kwa sababu alikuwa ameapa.

"Haya," alisema.

Alimbusu kwenye paji la uso. Akachukua glavu. Kikohozi cha injini kilipita dirishani, kikazidi kuwa kidogo, kikaisha.

Mzee Veikko aligonga ubao kwa kalamu mara mbili, kwa nguvu. Alikuwa ameandika: MWITE.

Eila alichukua simu. Alijua barabara ile. Hadi mji wa Nipigon ni saa moja na zaidi kidogo, na baada ya hapo ni msitu na miamba, mtandao hakuna hadi usiku. Akaandika, *Baki.* Akafuta. Akaandika, *Rudi.* Akaona hilo ni kubwa zaidi, kwa kuwa sasa angekuwa anamgeuza njiani. Akaandika kwa urefu, akaeleza, akaomba, akafuta maelezo, akaacha maombi. Nje koleo la Shangazi lilikuwa likikwaruza mawe. Saa ya ukutani ilikwenda. Rasimu ya pili ilikaa chini ya ile ya kwanza, nayo haikutumwa.

Kisha simu ya ukutani ikalia.

Aliruka. Namba hiyo siku hizi waliijua watu wachache. Alifika, akaweka mkono juu ya mkonga, na kabla hajauinua mlio wa nne ukaisha na kanda ikaanza kuzunguka. Miaka miwili Shangazi alikuwa akiipokea simu ile mlio wa pili, na walikuwa wamesahau wote kilichomo.

"*Hapa kwa Rautio,*" ilisema sauti ya baba yake.

Mzee Veikko alinyanyua kichwa.

"*Hatupo nyumbani kwa sasa.*" Mkwaruzo wa asubuhi ulikuwepo. Kicheko kidogo kilikuwepo, cha mtu anayeona haya kuongea na mashine. Mzee alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu, mdomo wazi, akisikiliza kwa mwili mzima. Eila alijua akiinua mkonga kanda itakatika. Mkono wake ulikuwa juu ya mkonga. Hakuinua. "*Acha jina lako, useme unachotaka, polepole. Tutakupigia.*"

Ukaja mlio. Baada ya mlio, pumzi. Mngurumo wa lori linalopita, kiashiria cha gari kikigonga, na pumzi ile aliyoijua, ikivutwa kama ya mtu anayetaka kuanza kusema.

Akainua. "Rémi," alisema. "Baki. Rémi, baki."

Upande wa pili simu ilikuwa imeshakatika. Alipiga yeye, mara moja, mara tatu, mara saba. Mwanamke wa kampuni ya simu alimweleza kwa upole kwamba mteja hapatikani.

Alipogeuka, baba yake alikuwa anamtazama, mashavu yamelowa. Alikuwa ameuinua ubao. Aliandika neno moja, herufi zimepinda.

TENA.

Taa nyekundu ya ujumbe ilikuwa inawaka na kuzimika. Eila aliiacha. Akabonyeza kitufe cha salamu, akakaa sakafuni miguuni pa baba yake, na sauti ile ikajaza jikoni, changamfu, nzima, ikimweleza kila aliyeitafuta nyumba hii kwamba hakuna mtu.